Utafiti Ufike Dirishani: Kwa Nini Tabibu wa Waraibu Afunzwe Chini ya Mlezi

Matini ya mhadhara uliotolewa mbele ya wakazi wa kata kuhusu huduma za afya



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la ofisini na vyuoni: ruzuku zinazotolewa ili tabibu anayewahudumia waraibu wa dawa za kulevya afunzwe chini ya mlezi wa kitaaluma, ayaelewe matokeo ya utafiti, kisha awafikishie watumishi wenzake na jamii. Wakazi wanauliza, na wana haki ya kuuliza: ikiwa zahanati zetu zina upungufu wa watumishi, kwa nini fedha zitumike kumpunguzia tabibu kazi ili apate kusoma?

Jibu langu kwa ufupi ni hili. Dawa inaweza kuwapo kabatini na mgonjwa akawa amesimama dirishani, lakini maarifa yanayopaswa kuwaunganisha yakikosekana, mgonjwa ataondoka na dawa itabaki. Maarifa hayo yapo, na mengine yana umri mkubwa kuliko wengi wetu tuliokaa hapa. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu aliyepewa muda, mwalimu na wajibu wa kuyafikisha mahali yanapohitajika.

Uraibu na dawa yake

Heroini, ambayo mitaani huitwa unga, ilianza kuenea katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1980. Hapo awali wengi waliivuta. Baadaye ikaingia desturi ya kujidunga, na kwa kuchangia sindano yakaja maambukizi ya virusi vya UKIMWI na ya homa ya ini. Familia nyingi zinayajua haya bila kusimuliwa: vyombo vinavyotoweka nyumbani, mtoto anayelala maskani, mama anayeficha jina la mwanawe mbele ya majirani.

Mwili uliozoea heroini hubadilika. Ukiikosa, mtu hupatwa na kile ambacho vijana hukiita arosto: jasho, maumivu ya mifupa, kutapika, kuhara na kukosa usingizi. Hata arosto ikipita, hamu ya kurudia hubaki kwa muda mrefu, kwa kuwa ubongo wenyewe umebadilika. Ndiyo maana ahadi ya dhati inayotolewa mbele ya wazazi huvunjika baada ya wiki mbili, na mzazi akadhani amedanganywa.

Methadoni ni dawa ya kunywa. Mgonjwa huinywa mara moja kwa siku mbele ya mtoa huduma, nayo hutosha kwa saa 24. Dozi ikiwa sahihi, humwondolea arosto na kumpunguzia hamu bila kumlewesha, naye akapata nafasi ya kufanya kazi, kulala nyumbani na kutibiwa maradhi mengine. Matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1965 na madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander wa New York, waliowatibu wagonjwa 22. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu, pamoja na dawa nyingine ya uraibu iitwayo buprenofini. Hapa Tanzania kliniki ya kwanza ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwezi Februari 2011. Mwananyamala na Temeke zikafuata, kisha Zanzibar na mikoa mingine.

Kliniki, basi, tunazo. Swali linalobaki ni hili: mtumishi aliyesimama dirishani anajua nini?

Mambo matatu yanayopaswa kujulikana dirishani

La kwanza ni dozi. Methadoni huanzishwa kwa kiasi kidogo na kupandishwa polepole, kwa sababu ikipandishwa haraka inaweza kusimamisha pumzi. Lakini baada ya hatua hiyo ya mwanzo, wagonjwa walio wengi huhitaji miligramu 60 hadi 120 kwa siku. Kiasi hicho kimetajwa katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009, na utafiti wa nchi mbalimbali umeonyesha kwamba wanaopewa dozi ya kutosha hubaki katika tiba kuliko wanaopewa dozi ndogo. Mtoa huduma asiyelijua hilo hudhani kwamba anamtendea mgonjwa wema kwa kumpa kidogo. Kumbe anamwacha na arosto ya usiku, na arosto ya usiku humrudisha maskani.

La pili ni kubaki katika tiba. Mwaka 2017 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi uliokusanya makundi 19 ya wagonjwa kutoka nchi kadhaa, zaidi ya watu 120,000 waliotibiwa kwa methadoni. Walipokuwa katika tiba, walifariki takriban watu 11 katika kila 1,000 kwa mwaka. Walipokuwa nje ya tiba, walifariki takriban 36 katika kila 1,000. Hatari ilikuwa kubwa hasa katika wiki 4 za mwanzo baada ya kuiacha. Sababu yake inaeleweka. Mwili uliopumzika husahau ule uzoefu wa zamani, na kipimo ambacho mtu alikizoea siku zile sasa humuua. Ndivyo ilivyo pia kwa anayetoka gerezani, na kwa anayetoka katika nyumba ya upataji nafuu bila dawa yoyote. Kwa hiyo, mgonjwa anayefukuzwa kliniki kwa sababu ya utovu wa nidhamu, au anayekatazwa dawa na ndugu zake kwa sababu "amekwisha kupona", huingizwa katika hatari ambayo aliyemfukuza huenda haijui.

La tatu ni kifua kikuu, na hapa naomba tukae kidogo. Tuchukue mfano wa kijana aliyekunywa methadoni kwa miezi 8 bila kukosa. Amerudi kwa mama yake na anasaidia dukani. Anapatwa na kikohozi, anapimwa, anakutwa na kifua kikuu, na anaanzishiwa dawa. Katika wiki ya pili anaanza kutokwa na jasho, mifupa inamuuma, halali usiku. Anakwenda dirishani na kusema kwamba dawa haishiki. Mtumishi anamtazama na kuamua kwamba amerudia unga na anatafuta dozi kubwa ya kulewea. Anamnyima, pengine kwa maneno makali, tena mbele ya foleni.

Ukweli ni kwamba kijana huyo hakudanganya. Rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu, hulifanya ini kuivunja methadoni haraka kuliko kawaida. Dozi iliyomtosha kwa saa 24 sasa inakwisha kabla ya alfajiri. Baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hufanya vivyo hivyo. Suluhisho lake linajulikana: dozi ya methadoni ipandishwe kwa uangalifu wakati wa tiba ya kifua kikuu, na tiba hiyo ikiisha ishushwe tena polepole, kwa kuwa dozi iliyofaa wakati wa rifampisini huwa hatari rifampisini inapoondoka.

Asipopata msaada huo, kijana wetu ana njia mbili. Anaweza kurudi kwenye unga ili alale. Au anaweza kutambua mwenyewe kwamba taabu ilianza pamoja na vidonge vya kifua kikuu, akaviacha vidonge. Akiviacha, vijidudu vinaweza kuwa sugu, naye atakohoa ndani ya daladala, sokoni na katika chumba anacholala na wadogo zake. Hapo suala limekwisha kuvuka familia moja. Limekuwa la kata nzima.

Jambo hili si ugunduzi wa jana. Mwaka 1976 jarida la kitabibu la Marekani lilichapisha taarifa kuhusu wagonjwa 30 wa methadoni waliopewa rifampisini, ambao 21 kati yao walipatwa na dalili za arosto. Zaidi ya miaka 40 imepita. Lakini kwa mgonjwa aliyesimama dirishani, maarifa ambayo mtoa huduma wake hajayapata ni sawa na maarifa ambayo hayajagunduliwa.

Kwa nini elimu haitembei yenyewe

Tusidhani kwamba tatizo hili ni la nchi maskini peke yake. Mwaka 1998 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti nzima kuhusu pengo lililokuwapo kati ya watafiti wa uraibu na watu waliokuwa wakiwatibu waraibu katika jamii. Watafiti waliandika kwa ajili ya watafiti wenzao, na watoa huduma waliendelea na walichorithi kutoka kwa waliowatangulia. Mwaka uliofuata, 1999, taasisi ya taifa ya nchi hiyo inayoshughulikia utafiti wa dawa za kulevya ilianzisha mtandao wa majaribio ya tiba unaowaweka pamoja watafiti na vituo vya kawaida vya huduma, ili maswali yatoke vituoni na majibu yarudi vituoni.

Hata hivyo pengo halikuzibika kwa siku moja. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walitoa matokeo ya wagonjwa 329 wenye uraibu wa heroini na dawa za jamii yake waliofika katika idara ya dharura ya hospitali. Wapo walioelekezwa tu mahali pa kupata tiba, wapo waliopewa ushauri mfupi na kusaidiwa kuunganishwa na kituo, na wapo walioanzishiwa buprenofini palepale. Baada ya siku 30, waliokuwa katika tiba ni asilimia 37 ya kundi la kwanza, asilimia 45 ya kundi la pili, na asilimia 78 ya kundi la tatu. Matokeo yalikuwa wazi kama mchana. Lakini kuchapishwa kwake hakukuzifanya idara za dharura zibadilike kesho yake. Iliwabidi watafiti haohao waende katika hospitali za miji mingine, wakae na madaktari na wauguzi, wasikilize hofu zao, waandae taratibu za kufuata na kuwasaidia hadi mazoea mapya yakashika.

Funzo lake ni kwamba karatasi haimfundishi mtu aliye na foleni ya wagonjwa 60. Mtu humfundisha mtu.

Ruzuku ya mafunzo chini ya mlezi ni kitu gani

Wengi wetu tunazijua semina: siku mbili ukumbini, kabrasha, posho ya nauli, picha ya pamoja. Semina ina kazi yake, hasa katika kutangaza mwongozo mpya. Lakini mtu akirudi kituoni na kukutana na mgonjwa asiyefanana na yule wa kwenye kabrasha, hana wa kumuuliza.

Mafunzo chini ya mlezi hujengwa kwa namna nyingine, nayo husimama juu ya nguzo tatu. Nguzo ya kwanza ni muda uliolindwa. Nchini Marekani ipo ruzuku ya serikali ijulikanayo kwa alama K23, inayowalenga matabibu wanaotaka kufanya utafiti unaowahusu wagonjwa. Hutolewa kwa miaka 3 hadi 5, na kwa kawaida humtaka mhusika atumie angalau asilimia 75 ya muda wake wa kazi kwa utafiti na mafunzo hayo. Fedha hiyo hununua kitu ambacho tabibu hawezi kukipata kwa bidii yake peke yake, yaani saa za kusoma, kuchunguza na kufikiri.

Nguzo ya pili ni mlezi. Huyu ni mtaalamu aliyekwisha kuipita njia hiyo, ambaye jina lake huandikwa katika maombi na ambaye hukubali kuwajibika kwa maendeleo ya mwanafunzi wake. Wazee walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na taaluma nayo ni hivyo. Mlezi hupitia majalada ya wagonjwa pamoja na mwanafunzi wake na kumuuliza kwa nini dozi hii na si ile. Humfundisha kutofautisha utafiti imara na utafiti dhaifu. Humzuia asikimbilie hitimisho.

Nguzo ya tatu ni wajibu wa kufikisha, na kwa maoni yangu ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wakazi. Tabibu aliyefunzwa hapaswi kuondoka na elimu kama mtu aliyeondoka na mali. Mpango wa mafunzo unaofaa humtaka aeleze tangu mwanzo atawafundisha akina nani, kwa njia gani, na itajulikanaje kwamba wamejifunza.

Kwetu ingekuwaje

Hatuhitaji kuiga mpango wa nchi tajiri neno kwa neno. Halmashauri haiwezi kumtoa tabibu wake kwa robo tatu ya muda. Lakini umbo lake linawezekana kwa gharama ndogo zaidi. Tabibu mmoja apewe siku moja au mbili kwa wiki kwa kipindi cha mwaka mmoja. Alelewe na mtaalamu wa kliniki kubwa ya methadoni, ana kwa ana kila inapowezekana na kwa simu katika siku nyingine. Apewe swali moja la hapahapa, kwa mfano: katika wagonjwa walioacha tiba mwaka huu, wangapi walikuwa wameanza dawa za kifua kikuu? Swali hilo halihitaji maabara. Linahitaji madaftari mawili yawekwe mezani pamoja, na mtu anayejua anachokitafuta.

Kisha afikishe. Mtumishi wa kliniki ya kifua kikuu ajue kwamba anapomwanzishia mgonjwa wa methadoni rifampisini, anapaswa kuwapigia simu wenzake siku hiyohiyo. Wasimamizi wa nyumba za upataji nafuu waelezwe hatari ya wiki 4 za mwanzo baada ya mtu kutoka. Askari wajue kwamba mgonjwa wa methadoni aliye mahabusu bado ni mgonjwa, na dozi yake ya asubuhi ni tiba. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapate maneno rahisi ya kusema na akina mama. Huko ndiko kuwashirikisha wengine utafiti.

Hoja zinazotolewa

Nimesikia hoja tatu, nami nitazijibu kwa heshima kwa sababu hazikutolewa kwa nia mbaya.

Wapo wasemao kwamba methadoni ni kubadilisha ulevi mmoja kwa mwingine. Ni kweli kwamba mwili huizoea methadoni, na kuiacha ghafla huleta arosto. Lakini uraibu ni zaidi ya kuzoea dawa. Ni kutawaliwa nayo hadi mtu akaiba, akajidunga kwa sindano ya mwenzake na kuwaacha watoto wake. Mtu anayekunywa dozi yake asubuhi, akaenda kazini na kurudi nyumbani jioni hatawaliwi tena. Zile tarakimu za vifo nilizozitaja zinapaswa kutufikirisha kabla ya kumshawishi yeyote aiache.

Wapo wasemao kwamba tabibu akishafunzwa atahama. Hofu hii ina msingi, nasi tumeliona hilo katika fani nyingi. Jibu lake ni kuandika masharti kabla ya ruzuku kutolewa, kwamba mhusika atatumikia kituo kwa kipindi fulani. Muhimu zaidi, afundishe wakati bado anajifunza, asisubiri kumaliza. Akihama baada ya hapo, awe ameacha nyuma yake wenzake wanaojua.

Na wapo wasemao kwamba fedha hizo zingenunua dawa. Dawa ni lazima inunuliwe, na hakuna mafunzo yanayoziba pengo la kabati tupu. Lakini methadoni inayotolewa kwa dozi isiyotosha, kwa mgonjwa atakayeondoka mwezi ujao, nayo ni fedha iliyomwagika. Fedha kidogo ya mafunzo huilinda fedha kubwa ya dawa.

Wakazi waulize nini

Ndugu wakazi, huduma hii ni yenu, na njia za kuuliza mnazo: mikutano ya mitaa, kamati ya usimamizi ya kituo cha afya, diwani wenu katika Baraza la Madiwani. Mkisikia kwamba tabibu amepata ruzuku ya mafunzo, ulizeni mambo manne. Mlezi wake ni nani, na hukutana naye mara ngapi? Wakati yuko masomoni, nani anawahudumia wagonjwa wake? Swali analolichunguza limetoka kwa wagonjwa wa hapa au limetoka mbali? Na mwisho wa mwaka, atasimama mbele ya mkutano gani kutueleza alichojifunza, kwa Kiswahili tunachokielewa?

Nawaomba nanyi mchukue wajibu wenu. Mwenye kijana katika tiba asimzuie dawa kwa sababu amenenepa na kuchangamka. Uamuzi wa kupunguza dozi ufanywe na mgonjwa pamoja na kliniki, taratibu. Anayeanzishiwa dawa yoyote mpya, iwe ya kifua kikuu au nyingine, aitaje methadoni kwa kila anayemtibu. Na anayerudi nyumbani kutoka gerezani au katika nyumba ya upataji nafuu apokelewe kwa karibu zaidi katika mwezi ule wa kwanza, kwa kuwa ndio mwezi wa hatari. Akiteleza, arudishwe kliniki siku ileile. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Elimu ya kuwasaidia watoto wetu ilikwisha kupatikana kwa jasho la watafiti na kwa subira ya wagonjwa waliokubali kuchunguzwa. Safari iliyobaki ni fupi, kutoka kwenye kurasa hadi dirishani, lakini haitakwisha yenyewe. Tumtume mtu, tumpe mlezi, tumpe muda, na akirudi tumsikilize.